Neno Kura Nyumbani kwa Cirillo

Simu ya kazi ilimchagua Teresina. Niliingiza majina ya watu wazima watatu wa nyumba hiyo ya Kator, mtaa wa Juba, kuanzia mkubwa hadi mdogo, nikabonyeza ili ichague mmoja wa kuhojiwa kwa utafiti wetu wa maoni, likaja jina lake. Mumewe, Cirillo, alichungulia begani mwangu akasema simu imekosea. Mkuu wa nyumba ni yeye. Mambo ya uchaguzi ataulizwa yeye.

Nilimweleza polepole. Tukiwahoji wakuu wa nyumba peke yao, tutajua wanachofikiri wakuu wa nyumba, basi. Kila mtu mzima anapaswa kuwa na nafasi sawa ya kuulizwa, na mimi sina ruhusa ya kubadilisha jina. Alinisikiliza vizuri, akanipa maji ya kunywa, kisha akanisindikiza hadi langoni.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano niliambiwa Teresina ameenda sokoni, ingawa nilimsikia akikohoa jikoni. Kanuni yetu inaruhusu ziara tatu. Ya tatu ingeshindikana, Teresina angeandikwa miongoni mwa waliokataa kuhojiwa, ilhali hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ijumaa asubuhi, nikiwa njiani, msimamizi wangu Owen alinipigia kutoka ofisini Thongpiny. Alisema nisijisumbue: nichukue majibu ya mzee, niyaweke kwa jina la mama, nani atajua? Nikamwambia mimi nitajua. Akacheka, akasema, Akon, umesoma ule mwongozo wa wahojaji mara nyingi mno. Ni kweli. Sikuwa na shule nyingine ya kazi hii.

Teresina alikuwa uani, akipika kisra, mkate mwembamba wa mtama, kwenye bamba la chuma. Nikamsalimu, nikamuuliza kama yuko tayari kuhojiwa kuhusu kura. Cirillo akawahi kujibu. Waliishi Kitale miaka tisa, na Kiswahili wanakijua wote wawili, lakini neno hilo alichagua kulisikia kwa Kiarabu cha Juba, ambako kura ni mguu.

"Kura? Huyu anazijua mbili tu, na zote zinaishia jikoni."

Mdogo wake Cirillo, yule mtu mzima wa tatu wa nyumba, akacheka. Teresina aliibandua kisra taratibu, akaiweka juu ya zile nyingine, akavuta kuni kutoka motoni.

"Basi leo zitatoka nje. Twende, dada."

Cirillo akaziba njia. Hakuinua mkono, alisimama tu.

"Nyumba hii ina sauti moja," alisema.

"Na siku zote imekuwa yako, Baba Jonah. Leo haikuitwa."

Akampita, nami nikamfuata.

Tulikaa juu ya matofali kando ya barabara. Maswali yalikuwa arobaini na mawili. Mengine aliyafikiria kwa muda mrefu, na aliposema hajui, niliandika hajui. Tulipofika kwenye swali la nani huamua mtu wa kumpigia kura, Cirillo alikuwa amesimama langoni, akitutazama. Nikamuuliza Teresina kama angependa tuahirishe.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Akajibu, nami nikabonyeza alichosema.

Tuliporudi, Cirillo alitaka nimwonyeshe simu. Nikaizima, nikaitia mkobani, nikamwambia majibu ya mhojiwa ni siri, hata kwa mume. Akamgeukia mkewe, akamuuliza amemtaja nani.

"Niliulizwa mimi," alisema Teresina.

Akauliza tena. Mkewe akaenda kurudisha kuni motoni.