Shati la Baba Katikati ya Blanketi

Mdogo wangu wa kiume alipoingia na lile shati, mimi nilikuwa nimeshika mkasi. Nasema mapema ili mtu asije akanigeuzia kibao. Mimi ni fundi cherehani, mkasi haunitoki mkononi tangu chai ya asubuhi mpaka jua linainama. Ningekuwa muuza maji ningekuwa nimeshika ndoo, na pengine siku ile tungeishia kulowana tu.

Chumba changu cha kazi ni cha mbele, kinatazama barabara. Mama analala chumba cha nyuma yake. Mama yetu amepoteza kumbukumbu, na sisemi kule kusahau kwa kawaida, mtu anatafuta miwani na ameivaa. Alifika mahali pa kuniuliza mimi, mwanawe wa kwanza, kama nimekuja kusoma mita ya umeme. Nilicheka mbele yake, halafu nikaenda kulilia chooni. Muuguzi mmoja akatushauri tumshonee blanketi la viraka kwa nguo zetu za zamani, awe analipapasa. Nikamwona hana kazi ya kufanya. Blanketi ndiyo dawa? Ebo!

Lakini nikaanza. Nikakata gauni langu la njano la utotoni, ambalo mama alilishona kwa pazia. Alipoligusa akaguna, "Hili si lilikuwa pazia la sebuleni?" Kisha akaniangalia usoni, akaniita kwa jina langu. Baadaye nikaunganisha sketi ya shule ya mdogo wangu wa kike, huyu msusi, ambaye mdomo wake haujui likizo. Mama akaipapasa, akamwambia mbele ya wateja wangu, "Wewe uliikojolea hii siku ya kwanza ya shule, ukamsingizia mwenzio." Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma, na yeye mwenyewe msusi akacheka huku analia.

Akabaki kitinda mimba wetu, mtoto wa kiume pekee, dereva wa lori, jitu zima na ndevu zake. Mama alikuwa akimwita Kisigino, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa habanduki miguuni pake. Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Sasa mama akimwona anamkaribisha kama mgeni, "Karibu, baba, unamtafuta nani?" Na nguo zake za utotoni haukubaki hata uzi, maana alizivaa mpaka zikawa matambara ya kupigia deki. Alikuwa anakaa kwenye benchi la wateja, anamtazama mama anavyotutania sisi wawili, na midomo inamcheza. Nilimwonea huruma. Kweli kabisa nilimwonea huruma, mpaka alipoleta shati la baba.

Lilikuwa shati la kazini, la kijivu, la mikono mirefu. Kumbe alikuwa amelitunza tangu tulipomzika marehemu.

"Dada, hili likae katikati ya blanketi," akasema. "Mama akimkumbuka baba, atanikumbuka na mimi. Kila mtu anasema sura yangu ndiyo sura yake."

"Baba alimvunja mama mbavu," nikamwambia. "Mimi alining'oa jino kwa ngumi. Huyo ndiye unataka nimfunike mama naye?"

"Mimi sikuwahi kumwona akimpiga mama."

"Hukumwona kwa sababu hukuwepo."

"Nilikuwepo! Nimekulia nyumba hii hii! Nyinyi mnamsema marehemu kwa vile hawezi kujitetea. Mmezoea kukuza mambo."

Damu ikanipanda kichwani. Nikampokonya shati, nikalirusha dirishani, likatua kwenye mtaro wa maji machafu. Msusi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wateja, akapiga makofi. "Hapo sasa! Amelala panapomfaa!"

Nikadhani yameisha. Wapi! Alitoka, akaliopoa, akalivaa hivyo hivyo linatiririka maji ya mtaroni, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Aliposimama mlangoni nilimwona baba. Mabega ni yale yale, na hata kile kichwa alikiinamisha vile vile, kama fahali. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe kuziba mdomo.

"Kama hutaki kulishona, nitakwenda nalo hivi hivi," akasema. "Atanitazama mwenyewe. Lazima anikumbuke."

"Ukimsogelea mama na hilo shati, nakutoboa. Usinijaribu."

"Pisha, dada."

"Sipishi."

Akanikaba. Mkono wake mmoja uliitosha shingo yangu yote. Kichwa changu kikagonga ukingo wa meza ya kukatia, nikaona nyota, nikamchoma mkasi begani bila kuangalia. Nilisikia kitambaa kikichanika na nyama ikiufuata mkasi. Akanguruma, akanitupa juu ya cherehani, tukaanguka pamoja, mimi na cherehani. Msusi akamrukia mgongoni, akamng'ata sikio hasa, si mchezo. Alimpukuta kama vumbi. Yule mtoto wa watu akajibamiza kwenye rafu, majora ya vitambaa yakamwangukia, akabaki anatukana akiwa chini yake.

Nikainuka. Nilimpiga kwa rula ya chuma usoni, ikapasua nyusi. Akanipiga kofi lililonizungusha, nikatema damu juu ya blanketi la mama, juu ya kipande changu cha njano. Hapo nilitaka afe. Nasema ukweli wangu, wala sioni haya: nilimtazama mdogo wangu niliyembeba mgongoni, nikataka afe mbele yangu nimwone. Naye macho yake hayakuwa na huruma yoyote. Aliniangusha, akanikalia tumboni, akainua ngumi.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akiinua mkono. Hata kuku alikuwa anachinjiwa na majirani. Alisimama pale kwa kandambili zake, akamtazama mwanamume mwenye shati la kijivu, akanitazama mimi niliye chini yake. Akaenda mezani, akaibeba pasi ya mkaa, ile ambayo mimi mwenyewe hunichosha mkono, akamshushia nayo kichwani.

Kifuniko kilifunguka, makaa yakammwagikia mgongoni. Mdogo wangu alipiga yowe, akajibiringisha sakafuni. Mama akamfuata. Alimpiga begani, akampiga mbavuni, anapiga kama mtu anayetwanga, huku anapaza sauti kuelekea mlango wa uani, ambako hakukuwa na mtu.

"Kisigino! Kimbia, mwanangu! Toka nje, nenda kajifiche, usirudi mpaka nikuite! Kisigino, kimbia!"

Mdogo wangu akaacha kujikinga. Nilimwona kwa macho yangu akiishusha mikono. Damu inamwingia jichoni, shati linafuka moshi, na yeye ameduwaa anamtazama mama. Ndivyo alivyokuwa akikosekana nyumbani kila mara. Baba akianza tu, mama anamsukuma nje kwanza yeye, mdogo kuliko wote, ndipo anamgeukia baba apigwe yeye. Mimi nilikuwa nimeyasahau hayo. Nilikuwa nikikumbuka kipigo peke yake.

"Mama," akasema. "Mama, ni mimi."

Mama hakumsikia. Msusi alikuwa ameshachomoka chini ya majora, akammwagia mdogo wetu ndoo ya maji mgongoni, moshi ukajaa chumba kizima. Mama akanigeukia mimi, kifua kinampanda na kushuka, pasi bado iko juu.

"Mtoto ametoka?"

Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu akajibu mwenyewe, palepale sakafuni, miguuni pake.

"Ametoka, mama. Amekimbia. Yuko mbali."

"Amefika kwa jirani?"

"Amefika."

Mama akashusha pumzi. Akaiweka pasi chini polepole, akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Haya," akamwambia. "Sasa nipige mimi."