Mabuti ya Fundi

Kura ilipigwa saa moja na robo asubuhi, Fundi akiwa msalani. Choo kilikuwa nje, ng'ambo ya ua wa nyumba ya wageni, na kwa mguu uliovimba namna ile, kwenda na kurudi kulimchukua robo saa nzima. Muda ulitosha.

Walikuwa marafiki wanne wa mtaa mmoja, siku ya kumi na moja katika nchi ya watu, kila mmoja na begi lake mgongoni. Ramani, karani wa ghala, ndiye aliyeshika ratiba. Sista alikuwa muuguzi. Fundi alishona nguo, na Bucha aliuza nyama kwenye chumba kilichopakana na cherehani ya Fundi. Tangu darasa la kwanza wawili hao hawakuwahi kumaliza wiki bila kuonana. Kabla ya kuondoka nyumbani walikubaliana kwamba kila jambo litaamuliwa asubuhi kwa kunyoosha mikono, na asiyekuwemo chumbani hana kura. Hicho kipengele cha mwisho alikitoa Fundi mwenyewe, kwa sababu Ramani alikuwa mzito wa kuamka.

"Kifundo kile hakipandi mlima," alisema Ramani. "Abaki hapa. Tunavuka, tunaliona ziwa, siku ya tatu tunarudi kumchukua."

"Tutarudi kweli?" Sista akauliza.

"Kwani sisi watu gani?"

Mikono mitatu ikanyooka. Wa Bucha ulikuwa wa mwisho, lakini ulinyooka.

Fundi akarudi akichechemea na ndala zake, wakamwambia.

"Sawa," alisema. "Ila mngeningoja basi nitoke chooni."

Ramani akacheka. Bucha akainama kufunga mikanda ya begi ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Walipofika kwenye daraja la mbao, Sista aligeuka nyuma. Mabuti ya Fundi yalikuwa yanakuja, kamba zimekazwa vizuri, hakuna mtu ndani. La kushoto lilikanyaga kwa tahadhari, kama lenye maumivu.

"Tumesahau mabuti ya Fundi," alisema.

"Hatujayasahau," alisema Bucha. "Si hayo yanakuja."

Ramani akatazama saa. "Yasitucheleweshe tu."

Hayakuwachelewesha. Kwenye nyumba ya wageni ya kule juu, mama msimamizi alifungua daftari akauliza kama wako wanne. Bucha akamwambia ni watatu na mabuti. Yule mama akaonyesha kibao ukutani: viatu vyote hulala nje. Mabuti yakaenda yenyewe kusimama barazani pamoja na mengine.

Ziwa waliliona. Siku ya tatu asubuhi Ramani akasema amesikia kuna treni ya kuelekea nyumbani, upande wa pili wa mlima, inayopita mara moja kwa wiki, na siku yenyewe ndiyo leo. Wakirudi kwa Fundi, treni imekwenda.

Sista akanyoosha mkono warudi. Ramani akanyoosha waende. Wakamtazama Bucha.

Mabuti yakaingia na matope yake, yakasimama katikati ya chumba, ncha zimeelekea kule walikotoka.

"Na haya je?" alisema Sista. "Yamo chumbani."

Ramani alilifikiria jambo hilo bila upendeleo. "Tulisema mikono. Hayana mikono."

Hapo hapakuwa na la kubisha.

"Bucha, wewe ndiye rafiki yake," alisema Sista.

Bucha aliyatazama mabuti. Alijua wakirudi Fundi hatafoka. Atasogea kitandani ampishe nafasi, kisha atauliza ziwa lilikuwaje. Kutukanwa Bucha angeweza. Kuulizwa ziwa lilikuwaje, hapana.

"Fundi mtu mzima," alisema. "Tiketi ya kurudi anayo. Njia ataijua." Akanyoosha mkono upande wa Ramani.

Kwenye treni mabuti yalikaa kiti cha nne. Mkaguzi aliyapita. Sista alikaa behewa jingine, na tangu siku hiyo hakumwita Bucha kwa jina lolote.

Nyumbani, mabuti hayakwenda kwa Fundi. Yalisimama mlangoni pa bucha, na wateja wakazoea kuyaruka. Mama yake Fundi alikuja siku ya kwanza, akayatambua.

"Mwenyewe yuko wapi, baba?"

"Yuko nyuma, mama."

"Nyuma wapi?"

Bucha akaendelea kukata mfupa. Yule mama akatoa kitambaa, akayafuta vumbi, akaenda zake. Alikuja kuyafuta kila asubuhi, wiki tano. Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi Bucha alimjibu vilevile.

Wiki ya sita Fundi akarudi, amekonda, na ndala zilezile. Alikuwa ameshona mapazia ya nyumba ya wageni nzima ili apate chakula. Kifundo kilikuwa kimepona kikiwa upande. Alisalimia mtaa mzima, akafungua chumba chake, akapangusa cherehani. Bucha akaenda kwake, mabuti yakamfuata.

"Haya mabuti yako."

Fundi akaketi kwenye kigoda akajaribu la kulia, kisha la kushoto. Hayakupita kisigino.

"Yananibana," alisema. "Yameshazoea kutembea na nyinyi."

Akayaweka chini taratibu, yakarudi mlangoni pa bucha. Fundi akatunga uzi kwenye sindano.

"Ziwa lilikuwaje?"

"La kawaida tu," alisema Bucha.

Mwaka uliofuata walikutana mle buchani kupanga safari nyingine. Sista hakuja, kwa hiyo hakuwa na kura. Fundi alikuwepo tangu mwanzo, amekaa kwenye kreti, akasikiliza habari za jangwa na za mahema. Kisha akatoka mara moja kwenda kununua vifungo.

"Mguu ule hautembei mchangani," alisema Ramani, akanyoosha mkono.

Wa Bucha ulikuwa wa mwisho, lakini ulinyooka.

Mlangoni, mabuti yalikuwa yameshajifunga kamba.