Uzi Mweusi kwenye Raba Nyeupe

"Ziweke mbali na gundi yako, kaka. Na usizivae!"

Fundi viatu alicheka meno tu. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Boksi kwa kununua raba asizozivaa, akaziuza ghali zikiwa bado ndani ya boksi, alishatua mzigo juu ya meza ya kazi, kando ya lundo la soli kuukuu. Safari hii aliuza hadi pikipiki yake ili azipate. Sasa alikuwa anakwenda kumlaki mteja.

Muuza soksi wa kibanda jirani akachungulia. "Ndizo hizo?"

"Ndizo. Kiwanda kimeungana na mwanamuziki, wakatoa pea chache, basi. Kwa bei anayoziuza sasa, unapata cherehani ya viatu mpya kabisa."

"Makubwa! Kwa bei hiyo si zinatembea zenyewe, wewe umelala nyumbani?"

Fundi hakucheka. Cherehani hiyo ameiota miaka nenda, miaka rudi, vidole vimeota sugu kwa sindano ya mkono, halafu huyu mtoto wa juzi aipate kwa kubeba boksi! Na mama yao naye, mgeni akija ni Boksi hivi, Boksi vile, chanda chema huvikwa pete. Yeye mkubwa hukumbukwa kiatu cha mtu kikikatika. Roho ilimuuma, tena ilimuuma hasa.

Akafunua boksi. Raba nyeupe pe. Akabinya soli kwa dole gumba: gundi tupu, hata uzi mmoja hamna! Mtaani hapo hakuna mwenye akili aliyevaa raba mpya kabla fundi hajaizungushia uzi. Akajiambia anamsaidia mdogo wake. Akajiambia tena, maana mara ya kwanza hakujisadiki. Uzi mweupe ulikuwepo, karibu na mkono wake. Akachukua mweusi.

Boksi aliporudi na mteja, kazi ilikuwa imekwisha. Mteja aliinua raba moja, akaigeuza, akairudisha taratibu kama anayemrudishia mtu mtoto wake.

"Hizi zimeshashonwa, ndugu yangu. Mimi nilitaka ambazo hazijaguswa. Tutaonana siku nyingine."

Muuza soksi akajitia kukunja soksi zilizokwisha kukunjwa.

"Kaka, umefanya nini?"

"Soli zingebanduka."

"Zibanduke kwa nani? Nani angezivaa?" Macho ya Boksi yakatua mezani. "Na uzi mweupe ule pale."

Fundi alikuwa na maneno tele ya kujitetea.

"Nilikuonea wivu," akasema.

Boksi alikaa kwenye benchi la wateja, mikono katikati ya magoti. Kisha akasukuma raba mbele ya kaka yake.

"Fumua."

Fundi akashika wembe. Alikata mshono mmoja mmoja, kwa uangalifu ambao hakuuonyesha wakati wa kushona.

"Tangu lini, kaka?"

Fundi alivuta uzi wa mwisho, akapuliza vumbi, akampa. Boksi aliipokea raba kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa, akaielekeza kwenye mwanga. Matundu yalikuwa yameizunguka soli yote. Akaanza kuyapapasa kwa kidole, tundu baada ya tundu.