Pete kwenye Chumba cha Kusagia

Nasinzia mchana kweupe, kichwa juu ya meza ya maabara, mashine ya kusagia mawe ikinguruma ukuta wa pili, na ngurumo ile inageuka kuwa barabara nami natembea juu yake. Haina mwisho. Kulia kuna mji, kushoto kuna mji uleule, geti kwa geti, kamba ya nguo kwa kamba ya nguo, ila kushoto maandishi ya madukani yamekaa kinyume. Ubavuni mwangu anatembea mtu asiye na uso. Namuuliza, hapa ni wapi? Hapa palikuwa na bahari, anajibu, ikamezwa, na tumbo lililoimeza limeanza kuchafuka. Mtu mzima na mafumbo, namwambia, sema kinachoeleweka. Anasema, mshono unafumuka, utafute kabla haujamfikia mdogo wako.

Hapo ndipo namwona Subilaga, mdogo wangu wa tumbo moja, amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake anapepeta mchele, mtoto mgongoni. Ardhi inatetemeka, punje zinaruka nje ya ungo, yeye anaziokota tu. Dada, ananiuliza, nihame au nibaki? Wewe ndiye unayejua mawe. Naogopa, lakini ni kweli, najua. Mabara mawili yanapokaribiana, sakafu ya bahari iliyo kati huzama chini ya mojawapo, na mawe yanayoyeyuka juu yake hutoka na upungufu wa madini yaitwayo niobi, upungufu usiofutika hata milima ikiisha kulika. Jiwe la hapa likiwa na upungufu huo, nyumba iko juu ya mshono, pale mabara yalipoungana, ahame. Niobi ikiwa tele, abaki.

Namega jiwe chini ya ngazi. Yule mtu ananishikia bakuli, nasaga, nasaga, na miji inabadilishana pande nikiwa nasaga, ya kulia inakwenda kushoto, inarudi. Namimina unga kiganjani mwake nao unajipanga wenyewe kuwa namba. Niobi tele! Baki, mdogo wangu, nasema, nacheka kama mwehu kwa furaha, hapa ni salama. Yule mtu ananigeuzia pale ambapo uso ungekuwa. Umeingia na nini kidoleni?

Pete yangu ya ndoa. Ni ya niobi, mume wangu aliinunua kwa utani, eti ndiyo madini ninayoyawaza kutwa. Kwetu maabarani ni mwiko kuingia nayo chumba cha kusagia, kwa maana chembe yake moja ikidondoka kwenye unga, jiwe linasema uongo. Sasa imelika nusu. Subi, toka hapo, napiga kelele, lakini barabara inatanuka na maji yanapanda katikati yetu bila sauti, naye ananipungia mkono.

Naamka. Mashine imezima. Kidole kitupu, afadhali, pete iko kwenye kisahani mlangoni ninapoiacha kila siku. Naichukua. Upande mmoja imelika.

Simu inaita, ni Subilaga. Dada, sakafu imepasuka toka mlangoni hadi jikoni, fundi anasema ni saruji mbovu.

Toka nje, namwambia, mbebe mtoto utoke sasa hivi.

Anacheka kidogo. Lakini dada, si umeshaniambia nibaki?