Mnyama Aliyepasuka Hadubinini

Mkuu wa maabara alijua fika kwamba wale wataalamu wawili waliwahi kuwa mke na mume, na kwamba talaka yao haikubakiza hata salamu. Lakini wataalamu wa wanyama wa matopeni hawaokotwi njiani. Walitakiwa kuchunguza tope la chini ya bahari, toka gatini hadi mdomo wa ghuba, waseme mna wanyama wa aina gani. Wanyama wadogo kiasi kwamba kijiko cha tope kwao ni mji mzima. Tena kwa sharti: aina yoyote isiandikwe mpaka wote wawili wameiona na kukubaliana.

Kukubaliana! Mwanamke alicheka cheko la uchungu alipoambiwa.

Wakakaa wamepeana migongo, kila mtu na hadubini yake. Mwanamke akisema minyoo hii ni ya aina mbili, aliyekuwa mumewe anasema moja. Akifungua dirisha harufu ya dawa itoke, mwenzake anainuka kulifunga.

Asubuhi moja mwanamke akaona kitu kilichomkata pumzi. Kimnyama kidogo kuliko chembe ya chumvi, kichwa kimezungukwa na miiba, mkiani ndoana. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye matope, na hakuwahi kukutana na huyu.

"Njoo utazame," alisema bila kugeuka.

Mwanamume akaja akijikokota, akainama. "Uchafu tu."

"Uchafu una miiba?"

"Wewe huachi kukuza mambo. Hata nyumbani ulikuwa hivyohivyo."

"Ya nyumbani yaache huko. Tazama vizuri."

Akazungusha kirungu cha hadubini. Lenzi ikashuka, ikazidi kushuka. Kioo alicholala mnyama kikaalika.

"Bahati mbaya," akasema, akarudi kitini.

Mwanamke akachungulia. Mnyama alikuwa amesambaratika, miiba huku, ngozi kule.

"Umefanya makusudi."

"Thibitisha."

Mkono ulimwasha kumrushia chupa ya dawa. Badala yake alivua koti, akaenda gatini kumwomba nahodha wa boti ya utafiti ampeleke palepale lilipotoka tope lile. Nahodha alimtazama usoni, akawasha injini. Bahari ilikuwa imechafuka. Mwanamke alitapika njia nzima, lakini tope alirudi nalo.

Mkuu akaamuru waligawane. Mwanamke alichambua fungu lake mpaka macho yakatoka machozi, hakupata kitu. Ndipo akagundua kwamba nyuma yake pamekuwa kimya. Mwanamume alikuwa ameacha kuguna.

"Yupo," akasema.

"Inuka. Toa mikono mezani."

"Ningetaka kumtupa, ningekuwa nimeshamtupa."

Mwanamke alisimama mlangoni, akamwita mkuu kwa sauti iliyojaa korido nzima. Mkuu akaja anatafuna, akachungulia, akaacha kutafuna.

"Huyu sijamwona kwenye kitabu chochote," akasema taratibu.

"Hata hili huniamini?" mwanamume aliuliza, uso umemwiva. "Ilibidi uite shahidi?"

"Hili hasa."

Mkuu akajifanya hasikii. Akawaomba wote wawili watie sahihi kwamba wamemwona, wakatia, kila mmoja kwa kalamu yake. Mwanamume akachukua machujio ya tope akaenda kuyaosha, akiyabamiza kwenye sinki. Mwanamke akavuta kiti cha mwanamume, bado kina joto la mwenyewe, akakipangusa kwa kitambaa, kisha akakaa na kuanza kuchora miiba.