Boga la Jaani

Mbodze husimulia hivi, wala hachoki: kwamba alfajiri moja alikwenda jaani kumwaga majivu, akasikia kitu kikilia ndani ya maganda ya muhogo, akafunua, kumbe mtoto mchanga! Akatazama huku, akatazama kule, hana mwenyewe. Akambeba. Akamwita Boga, kwa kuwa maboga nayo huota jaani bila kupandwa na mtu.

Kijiji kizima cha Gazi humwitikia, "Ehee." Dama, jirani yake, huitikia kwa sauti kuliko wote, ingawa ni yeye aliyemlaza mtoto pale, kisha akajibanza nyuma ya mkorosho hata Mbodze alipomwokota. Dama alikwisha kuzika watoto watatu. Huyu wa nne akamkana, ili kifo kikija kumtafuta kwake kisimkute. Mwaka wa saba huu, Boga humwita shangazi.

Sasa Boga amelazwa hospitali ya Msambweni, macho manjano, mifupa inamwuma hata shuka humlemea. Daktari Jemima, aliyeletwa kutoka bara baada ya uhuru, kazi yake ni watoto wenye maradhi ya kuzaliwa nayo. Ameuchora ukoo wa Boga kwenye karatasi: duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume, mgonjwa hujazwa wino. Siku tatu Dama amekaa hapo akiutazama mkono wa daktari ukichora.

"Mama Boga," daktari akamwambia Mbodze, "maradhi haya mtoto huyapokea kwa baba na kwa mama, wote wawili. Nimepima damu yako na ya mumeo. Hamnayo."

"Si nilikwambia nimemwokota!"

"Nilidhani wanitania."

"Mimi na wewe tuna utani gani, daktari? Umenioa?"

Daktari akacheka, kisha akaacha. Akamgeukia Dama, aliyembeba Kadzo, binti yake wa miezi sita. "Namtafuta mama yake Boga, dada. Huenda ana mtoto mwingine. Akiletwa mapema, ziko dawa za kumkinga na homa, naye atakuwa na nguvu kuliko Boga."

Tangu juzi vidole vya Kadzo vilikuwa vimevimba. Dama akavifunika kwa leso visionekane.

Mbodze akainuka. "Hebu nikateke maji," akasema, na mtungi ulikuwa umejaa.

Alipotoka, Dama akaichukua kalamu ya daktari. Hajui kuandika hata jina lake. Akachora duara pembeni, na kutoka hapo mstari mpaka kwa Boga, umepinda lakini ukafika. Akachora mstari wa pili, na chini yake duara dogo. Hilo akaliacha tupu. Kisha akafungua leso, akaitoa mikono ya Kadzo.

"Usinitaje kwa sauti, daktari," akanong'ona. "Na karatasi hiyo usiisome mtu akasikia. Ukiulizwa Boga ni wa nani, sema ni wa jaani. Utasema?"

Daktari alikuwa amevishika vidole vya Kadzo, akivipapasa kimoja kimoja, hajainua macho.