Filamu Aliyoiharibu Kelepi

Watu wa kisiwa cha Foa bado wanaukumbuka mwaka wa tisini na mbili kwa filamu zake. Jamaa walioko Auckland walizituma kwenye kanda, zimefichwa makashani kati ya sabuni na nyama ya kopo: ile ya wazimamoto, ile ya daktari mwongo, ile ya mapenzi. Jumamosi mchana madirisha ya ukumbi wa kanisa yalizibwa kwa mikeka, televisheni ikapandishwa mezani, na Kelepi akashika kipaza sauti kutafsiri. Kiingereza wengi hawakukijua. Walichokifuata ni maneno ya Kelepi, na walirudi nyumbani wakishika mbavu.

Dada yake, Lavinia, alikuwa amerudi juzi kutoka huko huko Auckland, alikopelekwa kwa mjomba akiwa bado mtoto. Kelepi alimpelekea viazi vikuu vya kwanza vya shamba lake, akachagua vinono, lakini alivituma kupitia kwa shangazi yao Pisila. Mwenyewe hakuja. Lavinia aliwasikia majirani wakirudia vichekesho vya kaka yake, na hamu ikamzidi. Hata sura yake alikuwa ameisahau. Alitaka walau kuisikia sauti yake.

Basi siku ya filamu ya mapenzi alijifunga kiunoni, juu ya nguo, mkeka wa heshima unaovaliwa kwao, akaufunga vizuri kama alivyofundishwa utotoni, akaenda bila kumwambia mtu. Akaketi mbele kabisa.

Minong'ono ilikatika. Alidhani wanashangaa nywele zake fupi.

Kelepi aliinua macho, akamwona, na sauti yake ikanywea.

"Kijana anaingia nyumbani," alisema. Kwenye kioo kijana alikuwa amemshika msichana kiuno. "Nyumba ina madirisha mawili. Nje kuna mti. Huenda mvua ikanyesha."

"We Kelepi," mzee Sitiveni aliita kutoka nyuma, "tumekuja kuona filamu au kusikiliza utabiri wa hali ya hewa?"

"Nyamaza, baba," mkewe alimwambia. "Tazama aliyekaa mbele."

Wale wawili wakaanza kubusiana. Kelepi aliweka kipaza sauti chini, akainama, akajishughulisha kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Ndipo Lavinia alipokumbuka. Utotoni, wimbo wa mapenzi ulipoanza redioni na kaka yake yumo chumbani, mama alimshika mkono akamtoa nje. Kaka na dada hawasikilizi mambo hayo pamoja. Uso ulimwaka moto. Akiinuka, ukumbi wote utajua kwa nini ameinuka. Akibaki, busu lile haliishi.

"Lavinia mwanangu." Shangazi Pisila alikuwa amejikokota hadi kando yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mguu wangu umekufa ganzi. Hebu nishike, unitoe nje."

Wakatoka, shangazi akichechemea, watu wakikunja miguu kuwapisha. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Lavinia usoni. Walipofika nyuma ya tangi la maji, kuchechemea kukaisha.

"Nimemwaibisha mbele ya watu, Shangazi."

"Umemwaibisha, ndiyo. Na sisi hatukukwambia, tukidhani unajua. Umeishi mbali."

"Sasa atanichukia."

"Akuchukie? Ameharibu filamu nzima kwa heshima yako, na Kelepi hajawahi kumharibia mtu filamu. Hata mchungaji alipokuja hakupunguza neno."

Ukumbini kipaza sauti kikakohoa. Sauti ya Kelepi ilirudi, nene na yenye uchokozi, na mara watu wakaangua kicheko.

Lavinia aligeuka haraka. "Twende zetu, Shangazi."

"Niende na mguu huu wenye ganzi?" Pisila aliketi chini, akanyoosha miguu yote miwili, akapigapiga chini kumwonyesha mahali pa kukaa. "Hapa Kelepi hakuoni."

Lavinia akaketi, uso bado unamwaka, mkono mdomoni, asije akacheka, kaka yake akamsikia.